Haya ya Coralie Muldrew

Mbwa wa Coralie Muldrew alifundishwa kona kali mara nyingi kuliko rubani yeyote wa mji wetu wa Wirrabilla, na mpaka leo hana leseni. Kila asubuhi Coralie alipanga viti viwili vya jikoni bega kwa bega, akakaa cha kulia kama wakufunzi wanavyokaa, mbwa akapandishwa cha kushoto, na mpini wa ufagio ukasimamishwa katikati ujifanye usukani. Kisha akaanza kusema. Mbwa naye akashuka, akaenda zake kulala chini ya trela.

Asilaumiwe. Coralie aliongea kama mtu anayejitoa miiba mguuni: neno, kimya, neno jingine, kimya kirefu kuliko cha kwanza.

"Tunaingia kona. Bawa... linalala. Pua... pua inakuwa..."

Pua ikabaki palepale hewani, haijaambiwa iende wapi.

Ukoo mzima wa Muldrew uko hivyo. Baba yake, marehemu mzee Clem, alimposa mama yake Coralie kwa kuionyesha nyumba kwa kidole na kutikisa kichwa. Mama naye akatikisa cha kwake, na ndoa ikadumu mpaka kifo. Si watu wa kiburi. Ni watu wa uwanda, wamezoea kuongea na kondoo, na kondoo hawaulizi maswali. Lakini kwenye kuruka, tafadhali, mtu wa mji mwingine asije akafungua mdomo mbele yetu. Coralie alianza kuswaga kondoo kwa ndege pamoja na baba yake tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Alipita chini juu ya vichaka, bawa moja nusura lichane nyasi, akiwatoa kondoo korongoni kama mtu anayefagia makombo mezani. Tuna marubani hapa Wirrabilla ambao miji mingine ingewajengea sanamu. Sisi tunawaacha wajinunulie bia wenyewe.

Shida ilianza pale moyo wa Athol Binney ulipoanza kuruka bila ruhusa ya mwenyewe.

Athol, mzee mfupi mwenye masikio ya kutosha watu wawili, ndiye aliyekuwa mkufunzi pekee wa klabu yetu ya ndege. Daktari alimsikiliza kifua, akakunja uso, akamkataza kukaa kwenye kiti cha mkufunzi. Wakubwa wa mambo ya anga nao wakasema kwa upole wao wa kuudhi kwamba shule ya urubani isiyo na mkufunzi si shule, ni banda lenye ndege ndani. Mwisho wa mwezi kibali cha shule kinakufa. Na Coralie naye alikuwa kwenye wakati mbaya. Mashamba makubwa yalikwisha kununuliwa na kampuni, na kampuni inaswaga kondoo wake kwa helikopta zake. Dada yake aliyeko migodini alikuwa amemtafutia kazi ya kuendesha lori la mawe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Akifaulu mtihani wa ukufunzi, shule inabaki na yeye anabaki angani. Akianguka, banda linafungwa, naye anakwenda kuzunguka shimoni na lori refu kama nyumba, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nitafanya," alisema Coralie siku Athol alipomwomba. Kwa mtu wa Muldrew hiyo ni hotuba.

Ila mtihani ule haumuulizi mtu kama anajua kuruka. Hilo wanalijua. Unamuuliza kama anaweza kusema anachokifanya wakati uleule anapokifanya, mdomo na mkono viende sawia kama mke na mume waliopatana. Mtahini anakaa kiti cha mwanafunzi, anajifanya hajui kitu, na wewe unamfundisha. Ukirusha ndege kama malaika huku umenyamaza, umeanguka.

Athol akamfanyia mazoezi kwenye jiko la klabu, mbele ya Dulcie, mama wa klabu, anayepika mikate ya maziwa na kutukana kila mtu kwa zamu.

"Nataka nisikie chai," Athol alisema. "Usinipe tu. Niambie unavyoimimina, unapoimimina."

Coralie akainua birika. "Na... ninainamisha birika..." Chai ilikuwa imekwisha jaza kikombe, imejaza kisahani, inatafuta suruali ya mzee.

"Mama yangu! Mkono umefika Sydney, mdomo bado unafunga viatu!"

"Samahani, mzee."

"Samahani baada ya kuungua haina kazi! Tena!"

"Mwache mtoto wa watu," Dulcie alifoka akitupa kitambaa. "Wewe mwenyewe ulipoanza kufundisha ulikuwa unaongea mpaka wanafunzi wanasinzia. Huyu angalau atawaacha wasikie injini."

Taratibu mdomo ukaanza kuufikia mkono. Kitu kimoja tu kilikataa kutoka, na kilikuwa kidogo sana. Katika ndege yenye usukani pande mbili, kumwachia mwenzako kuna maneno yake. Mkufunzi anasema, "Unashika wewe." Mwanafunzi anajibu, "Nashika mimi." Mkufunzi anamalizia, "Unashika wewe." Ndipo mkono unatoka, hautangulii. Coralie na marehemu baba yake, miaka yote ile juu ya kondoo, walikuwa na neno moja tu. Mmoja akichoka anasema, "Haya," na mwingine anashika. Hawakuwahi kukosana, maana wao walikuwa kama mtu mmoja aliyegawanywa viti viwili.

"Haya," alisema Coralie kwenye viti vya jikoni.

Athol akapiga meza vijiko vikaruka. "Haya nini? Haya twende? Haya basi? Haya, naona haya? Mwanangu, usiposema ni nani ameshika, ile ndege itakuwa na wazazi wawili na hakuna anayeinyonyesha!"

"Unashika wewe," alisema Coralie, masikio yamemwiva.

"Hapo. Hilo ndilo neno. Lile jingine kalizike na baba yako, Mungu amrehemu, maana litakuua."

Basi siku ikafika.

Mtahini, Bwana Garth Mulvey, alikuja kwa ndege yake mwenyewe. Upepo ulikuwa unakata njia ya kurukia kwa ubavu, soksi la upepo, lile la kitambaa juu ya mlingoti, limekakamaa kama mkono wa askari, na yeye akaiweka chini kama mtu anayelaza yai. Sisi wenyeji hatukupiga makofi, tuna heshima zetu, lakini mazungumzo barazani yalikatika. Alishuka mtu mwembamba, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata, soksi ndefu hadi magotini, nywele hazijaguswa na upepo. Ilisemekana aliwahi kumwangusha mtu aliyetumia neno "nadhani" karibu na ardhi.

"Chai, bwana?" Dulcie alimuuliza.

"Baadaye, mama. Nikinywa sasa nitakuwa mpole."

Asubuhi yote yeye na Coralie walikaa kwenye chumba cha darasa, mlango umefungwa. Athol alizunguka nje akijifanya anamwagilia maua ambayo hayapo. Ndani, Bwana Mulvey alivua saa, akailaza mezani, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya puani:

"Mwalimu, mimi naitwa Trevor. Nauza matairi. Mke wangu kasema nijifunze kuruka niache kumkalia nyumbani. Hivi, ndege ikizima injini inaanguka kama jiwe, siyo?"

Coralie alimeza mate. Alitazama ubao mweupe. Mkono wake ulijua kuchora bawa, lakini mdomo ulikuwa mkavu kama mfuko wa simenti.

"Hapana, Trevor," alisema hatimaye. "Haianguki. Inateleza. Kama... umewahi kuachia baiskeli kwenye mteremko?"

"Nimewahi. Nilivunjika jino."

"Basi tutafanya kila kitu isipokuwa jino."

Bwana Mulvey hakucheka, ila kalamu yake ilitulia kidogo. Na Coralie akaendelea, sentensi kwa sentensi, jasho likimchora ramani mgongoni, mpaka ubao ukajaa mishale na Trevor akaishiwa na ujinga. Mtahini alipofungua mlango, Athol alikuwa amesimama na ndoo tupu.

"Tunaruka," alisema Bwana Mulvey, akampita.

Joto lilikuwa limepanda. Ndege yetu ndogo, ile nyeupe yenye mstari wa kahawia, iliinuka ikipigwa huku na huku na hewa ya moto kutoka kwenye mashamba yaliyolimwa. Coralie kiti cha kulia, Trevor wa matairi kiti cha kushoto, jua linawachoma magoti. Walipanda mpaka juu ya bwawa la zamani, mahali pa mazoezi, na somo likaanza.

Kupanda, kushuka. Kuipunguza ndege spidi mpaka mabawa yachoke kuibeba, kisha kuiokoa. Kila mara Coralie alionyesha, akasema, akakabidhi. "Unashika wewe." "Nashika mimi." "Unashika wewe." Trevor aliboronga kwa ustadi mkubwa, maana kuboronga makusudi ni kazi ngumu, na Coralie alimrekebisha. Maneno yalikuwa yanakuja. Kwanza yalikuja yakichechemea, halafu yakatembea, halafu, jamani, yakaanza kukimbia. Alijisikia akiongea. Sauti yake mwenyewe masikioni, ndani ya vipokea sauti, ikienda sawa na mkono, na hakuamini kwamba ni yeye.

Raha hiyo ndiyo iliyomponza.

"Kona kali," alisema. "Macho nje kwanza, tazama kushoto, hakuna mtu. Ninalaza bawa. Linapolala, uzito wetu unaongezeka, unaona mashavu yanavyovutwa? Kwa hiyo ninavuta usukani kidogo, pua ikae palepale kwenye upeo wa macho. Naongeza gesi. Tunazunguka. Dunia inazunguka, sisi tumetulia."

Ndege ilizunguka juu ya bwawa kama kijiko ndani ya kikombe. Pua haikusogea hata unywele. Ilikuwa kona ya mzee Clem hasa, kona ya kuwatafuta kondoo waliojificha kwenye kivuli, na Coralie akawa tena binti wa miaka ile, moto wa injini miguuni, baba pembeni.

"Haya," alisema.

Akaondoa mikono.

Trevor alikaa kimya. Bwana Mulvey ndani ya Trevor alikaa kimya pia. Yeye alisikia "haya" ya mtu anayesema basi, ndivyo ilivyo, tuendelee kutazama. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imetulia kama ya mgeni kanisani. Coralie naye aliamini Trevor ameshika. Kwa hiyo katikati ya kona kali, bawa limelala, ndege ile haikuwa na mwenyewe.

Pua ikaanza kushuka.

Coralie aliiona. Akafikiri: anaboronga, mchezo wake uleule. Mkufunzi mzuri hakurupuki kumnyang'anya mwanafunzi usukani kwa kosa la kwanza. Anamwacha alione kosa lake. Athol alikuwa amemwimbia hilo mpaka akalichoka.

"Pua inashuka," alisema kwa utulivu. "Unaiona?"

"Naiona, mwalimu."

"Spidi inapanda. Sikiliza upepo."

"Nausikia."

Bawa lililolala likazidi kulala. Sauti ya hewa kwenye vioo ikapanda kutoka kwenye mluzi hadi kwenye kilio. Mshale wa kimo ukaanza kurudi nyuma, kwanza kwa adabu, halafu kwa haraka. Bwawa likaacha kuwa sarafu, likawa sahani.

"Ukiiacha hivi inajikaza yenyewe," alisema Coralie. Inua, alimwambia moyoni. Inua sasa, mjinga wewe. "Inajikaza zaidi na zaidi. Haitanyooka peke yake."

"Lo," alisema Trevor.

Bwawa likawa sinia. Mti uliokufa kando yake ukapata matawi. Coralie akageuza macho amtazame usoni aone kama anaogopa, na macho yake, yakiwa njiani kwenda usoni, yakapita juu ya mikono.

Mikono iko mapajani.

Damu yake yote ilishuka kwenye viatu. Lakini mikono yake yeye haikungoja ruhusa. Ni mikono ya Muldrew, haijui kushangaa. "Nashika mimi," alisema, na gesi ikarudi nyuma, mabawa yakanyooka, pua ikainuliwa polepole, polepole, maana ukiivuta kwa hofu mabawa yanakatika. Uzito ukawakandamiza vitini. Mti uliokufa ukapita chini yao. Kisha upeo wa macho ukarudi mahali pake, mbele, umenyooka, kama vile hakuna kilichotokea.

Alingoja kuambiwa warudi nyumbani. Hakuambiwa. Bwana Mulvey aliandika kitu kwenye karatasi iliyofungwa gotini, akasema kwa sauti ya puani, "Mwalimu, hiyo ilikuwa kali. Tufanye na ya kulia?"

Wakafanya na ya kulia. Coralie alikabidhi kwa maneno yote matatu, kila neno likiwa zito kama tofali. Wakarudi, wakatua, upepo wa ubavuni ukiwasukuma kama mlevi mlangoni.

Kwenye chumba cha klabu Bwana Mulvey alikubali chai. Dulcie aliiona ile ishara, akamkonyeza Athol, na Athol akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Bi Muldrew," alisema mtahini, akikoroga chai isiyo na sukari, "ulianza kama gari bovu. Ila ulivyoendelea uliwaka. Kutua kuzuri. Ubaoni umejitahidi. Lakini nataka niseme juu ya ile kona kali ya kwanza." Akaweka kijiko. "Uliiachia ndege. Katikati ya kona, ukaondoa mikono, ukaniacha nione inavyojizamisha yenyewe, huku unanieleza kimoja kimoja, sauti haitikisiki. Ukangoja mpaka nikaanza kutoka jasho, ndipo ukashika. Nimepima wakufunzi nchi nzima. Sijaona mtu aliyethubutu kufundisha hatari ile kwa namna ile. Nitawasimulia wengine."

Athol alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Kwenye dirisha la jiko Dulcie alikuwa anapiga ishara ya msalaba na kitambaa cha vyombo.

Coralie alitazama kikombe chake.

Wewe fikiria. Mtu aliyelaumiwa kwa kunyamaza maisha yake yote, shuleni, kanisani, kwenye harusi ya dada yake. Mtu aliyepigiwa kelele miezi mizima, sema, sema, sema. Na hapo, kwa mara ya kwanza, kunyamaza ndiko kulikotakiwa. Hakuhitaji hata kudanganya. Angekunywa chai tu. Shule ingebaki, lori lingepata dereva mwingine. Kila mtu katika chumba kile alikuwa anamwomba, bila kujua, awe Muldrew.

Alikunywa funda moja. Akakiweka kikombe.

"Haikuwa makusudi," alisema.

"Nini haikuwa makusudi?"

"Kuiachia. Nilisema 'haya'. Nyumbani kwetu maana yake shika wewe. Nilidhani umeshika. Wewe ulidhani nimeshika mimi. Hakuna aliyekuwa ameshika."

Kitu kilianguka jikoni, kikaendelea kuzunguka sakafuni kwa muda mrefu.

"Yale maelezo," alisema Bwana Mulvey polepole, "pua inashuka, spidi inapanda..."

"Nilikuwa nakuambia wewe uinue."

"Kwa hiyo ndege haikuwa na mtu."

"Haikuwa na mtu, bwana."

"Na mimi nimekaa mle ndani nimefurahi, kama mtoto kwenye bembea."

Athol alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Coralie, mwanangu," alinong'ona, "mdomo wako umekataa kufunguka miaka yote hii, ukaona ufunguke leo?"

Bwana Mulvey alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na haikujulikana amemkasirikia nani, Coralie au yeye mwenyewe. Akatoka nje. Wote watatu walimwona dirishani akizunguka ile ndege nyeupe, akigusa bawa, akigusa usukani wa mkia, kama mtu anayehakikisha bado ipo. Aliporudi hakukaa.

"Mengine yote umefaulu," alisema. "Kukabidhi ndege umeanguka, na si kidogo. Nina ruhusa ya kurudia zoezi moja siku ileile, mwanga ukiwepo. Ukitaka. Lakini nakuonya, Trevor ametishika sana kutokana na safari ile, hajulikani atafanya nini. Na upepo umezidi."

Soksi la upepo nje lilikuwa linapiga kelele.

"Fanya siku nyingine, binti," Athol alisema haraka. "Umechoka. Upepo huu..."

"Kibali kinakufa Ijumaa, mzee," alisema Coralie, na akaenda kujaza mafuta.

Kwenye klabu, Dulcie akafungua redio ya ukutani, ile inayonasa marubani wote wa eneo letu, akaongeza sauti. Hata wale waliokuwa barazani waliingia wakajipanga ukutani wakijifanya wamefuata kivuli.

Juu, Coralie alikabidhi na kupokea, kukabidhi na kupokea, kama mwalimu wa kwaya. Unashika wewe. Nashika mimi. Walipoikaribia njia ya kurukia, Coralie alimwachia Trevor ailete ndege chini, kama somo linavyotaka, mikono yake yeye ikiwa karibu na usukani bila kuugusa. Upepo ulikuwa unawasukuma kushoto. Trevor alirekebisha, akazidisha, akarekebisha tena. Vumbi lilikuwa linavuka njia kama kundi la kondoo. Uzio ukapita chini. Na pale, karibu kabisa na ardhi, pua ikainuka mno na bawa la kulia likaanza kuzama.

"Nashika mimi," alisema Coralie, akaushika.

Usukani haukusogea.

Trevor alikuwa ameukumbatia. Mikono yote miwili, viwiko vimebanwa, macho yamemtoka. Hivyo ndivyo mwanafunzi aliyeingiwa na hofu anavyofanya, na hivyo ndivyo wanafunzi na wakufunzi wanavyozikwa pamoja.

"Nashika mimi, Trevor."

Hakuachia. Mluzi wa hewa ulikuwa umeanza kufifia, na hiyo ni dalili mbaya. Mabawa yalikuwa yanachoka. Kisha Coralie Muldrew akafungua mdomo, na kilichotoka humo hakuna aliyekijua, hata yeye.

"NASHIKA MIMI! TOA MIKONO! TREVOR! TOA MIKONO SASA HIVI, AU NITAIKATA!"

Na kiganja chake kikashuka kwenye vidole vya mtahini wa nchi nzima kama mtu anayeua nyigu.

Mikono ikatoka. Gesi mbele yote, pua chini kidogo, bawa likainuka, magurudumu yakagusa lami mara moja, yakaruka, na ndege ikapanda tena ikitetemeka, ikipita juu ya paa la klabu kiasi cha kutikisa vikombe.

Sasa, kwenye usukani kuna kitufe cha redio, mahali kidole gumba kinapokaa. Mtu akikaza mkono kwa nguvu zote, kidole gumba hakiulizi. Kwenye klabu redio ilikuwa imelipuka ukutani kwa sauti ya Coralie. Na si kwenye klabu tu. Mara ikaja sauti ya rubani mmoja anayenyunyizia pamba dawa huko mbali mtoni, mtu asiyejua lolote:

"Nimetoa, mama! Mikono iko juu!"

Dulcie alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, hakuna aliyeuliza. Athol hakucheka. Alikuwa dirishani, anaitazama ndege ikizunguka kuja tena, midomo yake ikienda pamoja nayo kimyakimya: lete bawa, shusha pua, sasa, sasa. Ilitua. Kutua kubaya, kwa mwendo wa kaa, lakini magurudumu yote yalibaki chini na watu wote walibaki juu.

Waliposhuka, Bwana Mulvey alikuwa ananyoosha vidole kimoja kimoja kuhesabu kama vimerudi vyote. Nywele zake zilikuwa zimesimama.

"Trevor," alisema kwa sauti yake ya kawaida, "ameamua kurudi kwenye matairi." Akatembea hatua kadhaa kuelekea klabu, akageuka. "Wewe umefaulu. Na kama ungenyamaza kule kwenye chai, ningekupa cheti na kumsimulia kila mtu uwongo mzuri. Unajua hilo?"

"Najua."

"Huna la kuongeza?"

Coralie alifikiri. "Vidole vinauma?"

"Sana."

"Pole."

Ijumaa ilipita, banda halikufungwa. Jumatatu yake akaja mwanafunzi wa kwanza wa mkufunzi mpya, Tui Paraone, mkata manyoya ya kondoo kutoka ng'ambo ya bahari, mtu wa mabega ya fahali, anayekunja kondoo dume kama shuka. Alijibanza kwenye kiti cha kushoto, akafunga mkanda, akaitazama mikono yake mikubwa, akamtazama yule mwanamke mdogo wa kando.

"Mwalimu," alisema, "ni kweli unapiga?"

"Macho nje," alisema Coralie.